Maswali ya Wasomaji: Kabla ya Kununua Kompyuta Mpakato Iliyotumika

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeonyeshwa kompyuta mpakato mbili zilizokwisha kutumika, na bei zake zinakaribiana sana. Ya kwanza ina prosesa ya Core i7-7500U na mwili wake unang'aa kana kwamba imetolewa kwenye boksi jana. Ya pili ni ThinkPad T480 yenye prosesa ya Core i5-8350U, ambayo kifuniko chake kimechubuka na betri yake, kwa maneno ya muuzaji mwenyewe, "imechoka kidogo". Zote zina RAM ya GB 8. Kazi zangu ni kuandika ripoti, kupanga majedwali ya hesabu na kuhudhuria mikutano ya video. Muuzaji ameniruhusu kuzikagua kwa muda wa saa moja. Nichague ipi, na saa hiyo niitumie kuangalia nini?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa maelezo uliyotoa ningeanza na hiyo iliyochubuka, na iwapo itapita ukaguzi ninaoueleza hapa chini, sioni haja ya kurudi kwa ile nyingine. Kibandiko cha "i7" kilichopo kando ya kibodi kimewapotosha wanunuzi wengi, kwa sababu hutaja daraja la prosesa miongoni mwa wenzake wa kizazi kimoja tu. Kizazi chenyewe husomwa katika tarakimu inayofuata kistari: 7500U ni ya kizazi cha 7, na 8350U ni ya kizazi cha 8. Kuanzia kizazi cha 10, husomwa tarakimu mbili za mwanzo. Kati ya vizazi hivyo viwili Intel, kampuni inayozitengeneza, iliongeza idadi ya viini, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, katika prosesa nyingi za kompyuta nyepesi, ndiyo maana hiyo i7 ina viini 2 ilhali i5 unayoisitasitia ina viini 4. Mkutano wa video unaoendeshwa huku jedwali kubwa likiwa wazi utakuonyesha tofauti hiyo mapema sana.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya masasisho ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mpango wa nyongeza kwa watumiaji binafsi ulipangwa kufikia Oktoba 2026. Windows 11, kwa upande wake, inahitaji chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel inakubali zile za kizazi cha 8 na kuendelea, isipokuwa chache mno za kizazi cha 7. Wapo mafundi wanaoilazimisha kuingia kwenye mashine zisizotimiza masharti hayo, na mara nyingi hufanya kazi, lakini Microsoft haitoi ahadi kwamba mashine hizo zitaendelea kupokea masasisho. Muuzaji akikuonyesha Windows 11 ikiwaka kwenye ile i7, usichukulie kuwa huo ni ushahidi kwamba inafaa.

Sasa tuje kwenye saa yako moja. Dosari za kompyuta ya zamani ni za aina mbili: zile ambazo fedha kidogo huziondoa, kama betri iliyochoka au diski ya polepole, na zile zinazoifanya mashine nzima kuwa hasara, kama kufuli lisilofunguka au ubaomama (bamba kuu la saketi) wenye hitilafu. Ni ajabu kwamba wanunuzi wengi huanza na mikwaruzo, ambayo haimo katika aina yoyote kati ya hizo. Anza na zile zisizotibika, ili ukizikuta uondoke mapema na kuokoa muda wa kila mtu.

Kufuli la kwanza ni nywila ya BIOS, programu ya ndani inayoiamsha mashine kabla ya Windows. Izime mashine kabisa, iwashe tena, kisha bonyeza kitufe cha kuingilia kwenye mipangilio ya ndani: F1 kwa ThinkPad, F2 kwa kompyuta nyingi za Dell, F10 kwa nyingi za HP. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, au ikikuruhusu kutazama bila kubadilisha chochote, ahirisha malipo. Utaambiwa kwamba fundi atatoa betri ndogo ya ubaomama na nywila itafutika. Ushauri huo ulifaa kwa kompyuta za zamani sana. Katika kompyuta za kiofisi za miaka ya karibuni nywila huhifadhiwa kwenye chipu isiyotegemea betri hiyo, na Lenovo yenyewe, watengenezaji wa ThinkPad, inasema kwamba nywila ya msimamizi ikipotea, tiba ni kubadilisha ubaomama. Ukiwa humo humo, linganisha namba ya mfululizo inayoonekana kwenye kioo na ile iliyoandikwa chini ya mashine. Zikitofautiana, huenda ubaomama ulishawahi kubadilishwa, jambo ambalo lina maelezo halali, au huenda mashine ina historia ambayo hungependa kuirithi. Kwa vyovyote vile, maelezo hayo yatoke kwa muuzaji kabla fedha hazijatoka kwako.

Kufuli la pili halionekani kirahisi, na kwa maoni yangu ndilo linalostahili hofu zaidi. Kompyuta kama T480 nyingi zilinunuliwa kwanza na makampuni au taasisi, na baadhi ya taasisi huziandikisha katika mfumo wa usimamizi wa mbali, ambao kwa Windows unaitwa Autopilot. Andikisho hilo halikai kwenye diski. Linakaa kwenye seva za Microsoft na linaitambua mashine kwa vifaa vyake, hivyo kufuta diski na kusimika Windows upya hakulisaidii kuondoka. Mnunuzi hukaa nayo vizuri kwa miezi, kisha siku anapoirejesha kwenye hali ya kiwandani anakuta ukurasa wenye jina la kampuni asiyoijua unaomtaka aingie kwa akaunti ya kazi, na ni kampuni hiyo pekee inayoweza kuiondoa mashine kwenye orodha yake. Namna ya kujikinga ni kumwomba muuzaji airejeshe mashine kwenye hali ya kiwandani mbele yako, ikiwa imeunganishwa na intaneti, na kutazama hatua za mwanzo zitauliza nini. Kazi hiyo inaweza kumeza sehemu kubwa ya saa yako, kwa hiyo ni vyema umwombe aianze kabla hujafika na uikute katika hatua ya kuunganisha intaneti. Muuzaji anayekataa kabisa anataka ununue mbuzi kwenye gunia.

Kufuli zikipita, ipe mashine kazi. Cheza video ya ubora wa juu kwa muda usiopungua dakika 20 huku programu nyingine kadhaa zikiwa wazi, ikiwa kwenye chaja na kisha bila chaja. Feni kuvuma ni jambo la kawaida. Mashine kuzimika ghafla, kuganda, au kuonyesha mistari kwenye kioo ni dalili ya joto lililopita kiasi au ya ubaomama unaokaribia mwisho wake. Vumbi na pasta kavu ya kupozea prosesa hutibika, ila wewe hapo ulipo huna njia ya kujua kama tatizo ni pasta au ni jambo kubwa zaidi, na wajibu wa kulithibitisha si wako. Wakati video inacheza, funua na kufunika kioo taratibu mara kadhaa. Kikiwakawaka kulingana na pembe, waya unaopita kwenye bawaba umechakaa. Kikifunguka kwa mlio wa kukatika, kagua plastiki inayozishika bawaba, kwa maana ikipasuka hupasua na fremu ya kioo.

Kwa T480 kuna jambo mahususi. ThinkPad nyingi zilizotengenezwa kati ya 2017 na 2019 zilitoka na hitilafu katika programu ya ndani inayoendesha Thunderbolt (teknolojia ya kupitisha data kwa kasi), ambayo ingeweza kuyaharibu matundu ya USB-C, na Lenovo ilitoa sasisho la kuirekebisha. Mashine hii huchajiwa kwa matundu hayo hayo, basi jaribu kuchaji kwa kila moja, kisha chomeka flashi uone kama inasomeka. Ukiinunua, hakikisha kwamba sasisho hilo limewekwa.

Diski ukague kwa programu ya CrystalDiskInfo, ambayo haina malipo na unaweza kuibeba kwenye flashi. Itakuonyesha hali ya afya, saa ambazo diski imefanya kazi na, kwa diski za kuzunguka, idadi ya sekta zilizohamishwa, yaani sehemu mbovu ambazo diski imeacha kuzitumia. Idadi hiyo ikiwa juu ya sifuri, diski ihesabu kuwa ni ya kubadilishwa. Nikisema ukweli, diski ya kuzunguka hata ikiwa nzima ningeibadilisha kwa SSD, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka, kwa sababu hakuna badiliko jingine linalohuisha kompyuta ya zamani kwa kiasi hicho. RAM ya GB 8 inatosha kazi zako kwa kubana, na T480 ina nafasi mbili za kuongezea. Hilo uliangalie pia kwenye mashine nyingine yoyote, kwani nyingi nyembamba zina RAM iliyolehemiwa kwenye ubaomama, na utakayoikuta siku ya kununua ndiyo utakayokuwa nayo hadi mwisho.

Kioo kitazame kikiwa cheupe kitupu, halafu cheusi kitupu, ukitafuta madoa na nukta zilizokufa. Usisahau kuuliza idadi ya nukta zake: T480 nyingine ziliuzwa na kioo cha 1366 kwa 768, ambacho hufinya majedwali na kufifia ukikitazama kwa upande. Kibodi ibonyeze kitufe kwa kitufe. Vitufe vinavyonata katika eneo moja huwa ni alama ya kimiminika kilichomwagika. Spika, kamera, kipaza sauti na Wi-Fi hujaribiwa kwa pamoja kwa simu moja ya video.

Imebaki hiyo betri "iliyochoka kidogo", nami nimeiweka mwisho kwa makusudi. Asilimia 100 unayoiona pembeni mwa kioo haimaanishi kwamba betri ni nzima, maana hupima ujazo uliobaki leo, hata kama ni nusu ya ule wa awali. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, na Windows itatengeneza ripoti inayotaja ujazo uliokusudiwa kiwandani na ujazo wa sasa betri ikijaa. Gawanya wa pili kwa wa kwanza. Kwa mfano, betri ya mWh 24,000 (mWh ni kipimo cha nishati) ambayo sasa inajaa mWh 18,000 imebakiwa na asilimia 75, na hiyo kwa mashine ya umri huu ni nzuri. Ikiwa chini ya asilimia 60, toa gharama ya betri mpya kwenye bei unayopendekeza. T480 ina betri mbili, moja ya ndani na nyingine inayochomoka, hivyo zisome zote. Jambo moja tu kuhusu betri halina mjadala: padi ya kugusa ikiwa imeinuka au haibonyeki, au mashine ikiyumba juu ya meza iliyo sawa, huenda betri imevimba. Betri ya lithiamu iliyovimba inaweza kuwaka moto, na haifai kubonyezwa wala kutobolewa.

SWALI: Nimepata MacBook Pro ya 2017 kwa bei ya kuvutia. Je, haya yote yanaihusu?

JIBU: Mengi yanaihusu, lakini kabla ya kuikagua fikiria kama unaihitaji. Mfano huo una kibodi ya muundo wa kipepeo, ambayo vitufe vyake vilisumbua kiasi kwamba Apple ilianzisha mpango wa kuitengeneza bila malipo kwa miaka 4 tangu mashine iliponunuliwa mara ya kwanza, muda ambao kwa mashine ya 2017 umekwisha. RAM yake imelehemiwa, betri imegundishwa, na mfumo wa mwisho unaokubaliwa rasmi ni macOS Ventura wa 2022. Apple imetangaza pia kwamba macOS Tahoe ndiyo ya mwisho kwa kompyuta zake zote zenye prosesa za Intel. Ningevumilia niongeze fedha nitafute yenye chipu ya M1, ambazo zilianza kutoka Novemba 2020, na hapo ningehakikisha kwamba mwenye mali ameondoa akaunti yake ya iCloud mbele yangu. Asipoiondoa, kufuli la Apple litabaki hata diski ikifutwa.

SWALI: Tayari ninayo kompyuta ya kizazi cha 6 ambayo haikubali Windows 11. Niitupe?

JIBU: Usiitupe. Linux Mint au Ubuntu, mifumo endeshi inayoweza kuchukua nafasi ya Windows, zitaiendesha vizuri, hasa ikiwa na SSD na RAM ya GB 8, nazo zinaendelea kupokea masasisho ya usalama. Zote mbili zinaweza kuwashwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo kwenye diski, na hivyo utajua kama Wi-Fi, sauti na kamera vinatambulika kabla hujaamua. Flashi hiyo hiyo huwafaa wanaokwenda kukagua mashine iliyoondolewa diski. Kikwazo ni programu: kama kazi yako inategemea programu ya uhasibu iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows pekee, jaribu mbadala wake kwanza, na usikubali jibu la fundi kwamba "zote ni sawa".

SWALI: Muuzaji anasema mashine yake "imekarabatiwa". Neno hilo lina uzito gani?

JIBU: Uzito wake ni ule ulioandikwa kwenye karatasi. Mwombe ataje kwenye risiti kilichobadilishwa, namba ya mfululizo ya mashine, na muda ambao anakubali kuirudisha ikiharibika. Wapo wakarabati wanaobadilisha betri na kupima kila tundu, na wapo wanaopaka rangi kifuniko na kubandika kibandiko kipya cha prosesa. Wa kwanza hawatasita kuandika.