Barua kwa mwanangu: Kiti gani, na mwaka gani?

Mwanangu Rehema,

Umeniuliza kama ni kweli anavyodai mwenzako wa chuo, kwamba serikali ya kikomunisti ya Urusi ilikuwa ya Wayahudi. Si kweli, ila usimjibu kwa hasira. Kila akikutajia hesabu, mwulize: kiti gani, na mwaka gani?

Baraza la kwanza la makomisaa, yaani mawaziri wa kikomunisti, Novemba 1917, lilikuwa na watu 15 pamoja na kiongozi wao Lenin. Myahudi alikuwa mmoja tu, Trotsky, wa mambo ya nje. Hamia Kamati Kuu ya Chama utawakuta zaidi: Zinoviev, Kamenev, Sverdlov, Sokolnikov. Mwenzako huchota hapo. Wanachama wa kawaida, kwa sensa ya Chama ya 1922, Wayahudi walikuwa kama asilimia 5, na katika wananchi wote hawakufika hata 2. Kwa hiyo ndiyo, walizidi kiwango chao. Kutawala ni jambo jingine.

Walizidi kwa nini? Chini ya mfalme walibanwa waishi majimbo ya magharibi, na utumishi wa serikali ulikuwa karibu umefungwa kwao. Tangu 1887 nafasi zao vyuoni zilipimwa: asilimia 10 ndani ya majimbo hayo, 5 nje yake, 3 Moscow na Petersburg. Vizuizi hivyo viliondolewa na Serikali ya Muda, iliyoshika nchi baada ya mfalme kuanguka, mapema 1917, miezi kabla ya Lenin kushika dola. Watu wengi humpa yeye sifa isiyo yake. Lenin alipotwaa dola, makarani wa zamani waligoma, na ofisi zikahitaji watu wanaojua kusoma na wasiomlilia mfalme. Wayahudi wa mijini walikuwa nazo sifa zote mbili.

Lakini mlango ulimpokea mkomunisti, haukumpokea Myahudi. Chama kiliunda kitengo cha Kiyahudi mwaka 1918, Yevsektsiya, kilichofanya kazi kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Kazi yake ilikuwa kufunga masinagogi, kuzima mafunzo ya Kiebrania na kuvunja vyama vingine vya Kiyahudi. Mwaka 1930 nacho kikafungwa.

Kilichokuja kuwaumiza ni karatasi. Pasipoti ya ndani ilianza 1932, ikiandika taifa la mtu, na katika fomu za kazi swali hilo likajulikana kama kipengele cha tano. Tangu 1938, mwenye wazazi wote wawili Wayahudi hakuwa na la kuchagua: aliandikwa Myahudi, hata kama hajui sala wala Kiyidi. Mwenye mzazi mmoja alichagua alipotimiza miaka 16, na wengi walichagua kuwa Warusi. Ofisa wa ajira hakuhitaji sheria ya kubagua, alitupa jicho kwenye mstari huo tu.

Viti vya Wayahudi navyo vikapungua. Zinoviev na Kamenev walipigwa risasi Agosti 1936. Litvinov aliondolewa uwaziri wa mambo ya nje Mei 1939, miezi mitatu na ushei kabla ya mkataba na Hitler. Zhemchuzhina, mke wa Molotov, waziri wa mambo ya nje, na aliyewahi kuwa komisaa wa viwanda vya samaki, alikamatwa Januari 1949, mumewe akiwa bado ndani ya uongozi wa juu. Lozovsky, naibu wa zamani wa mambo ya nje, aliuawa Agosti 1952 pamoja na wengine 12, waandishi wa Kiyidi wakiwamo. Kaganovich, Myahudi aliyekuwa karibu na Stalin, alidumu hadi 1957, lakini kilichomwangusha ni ugomvi wake na Khrushchev, kiongozi aliyemfuata Stalin, wala si asili yake.

Baada yake, Myahudi aliyepanda juu kabisa alikuwa Veniamin Dymshits, mhandisi, naibu waziri mkuu tangu 1962 hadi 1985. Wageni wakiuliza kuhusu ubaguzi, jina lake lilikuwa tayari mezani kama jibu. Miaka hiyohiyo vijana wa Kiyahudi wenye alama nzuri walikuwa wakikataliwa kitivo cha hisabati Moscow kwa maswali ya mdomo waliyotungiwa wao peke yao. Ule mstari wa taifa uliondolewa kwenye pasipoti ya Urusi mwaka 1997.

Baba yako