Wasomaji Wauliza: Kliki Iishie Masikioni

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa bendi zinazopiga zikisindikizwa na treki, yaani vinanda, tarumbeta au waitikiaji waliorekodiwa kabla, wakitoka kwenye simu au laptop huku wanamuziki wakipiga jukwaani. Mpiga drams husikia kliki, mlio wa kuhesabia mapigo, ili asitangulie wala kuachwa. Tumechagua barua nne.

Swali: Shikamoo mhariri. Tunapiga hotelini, watu watano. Kwenye simu tumeweka kliki upande wa kushoto na treki upande wa kulia. Kliki inasikika kwenye spika za wateja. Fundi mitambo anasema faili ni mbovu, lakini nikiisikiliza kwa hedfoni iko sawa. Kosa liko wapi? (Mpiga drams, Mombasa)

Jibu: Marahaba. Faili yako haina kosa. Angalia plagi inayoingia kwenye mikisa, yaani meza ya kuchanganyia sauti. Kama ina mikanda miwili myeusi na imechomekwa kwenye tundu moja, kliki inapenya hapo. Tundu hilo kwa kawaida limetengenezwa kupokea sauti moja inayosafiri kwenye nyaya mbili: linachukua ya kushoto, linatoa ya kulia, na kinachobaki ndicho kinachokwenda kwenye spika. Kliki na treki hazifanani, kwa hiyo hakuna kinachofutika, na zote zinatoka kwenye chaneli moja. Kuhakikisha, piga wimbo wowote wa kawaida kwa waya huo huo. Sauti ya mwimbaji, ambayo mara nyingi hurekodiwa sawa pande zote mbili, itafifia au kupotea, vyombo vya pembeni vibaki.

Unachohitaji ni waya wa Y: upande mmoja plagi ndogo ya stereo ya milimita 3.5, upande wa pili jeki mbili za robo inchi, kila moja ikiwa na mkanda mmoja tu mweusi. Kushoto ingiza chaneli ya 1, kulia chaneli ya 2. Usitumie chaneli ya stereo, ile yenye matundu mawili na feda moja (kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti), kwa sababu hapo huwezi kutenganisha kliki na treki.

Sasa chaneli ya kliki yenyewe. Feda yake iwe chini kabisa, isielekezwe kwenye spika kuu, na sauti iende kwako kupitia AUX, njia ya pembeni ya kumpelekea mwanamuziki sauti yake, iliyowekwa PRE, yaani inayochukua sauti kabla ya feda. Hili la PRE ndilo linalowaponza mafundi wengi. AUX ikiwa POST, yaani baada ya feda, feda ikishushwa nawe husikii kitu, unalalamika, fundi anaipandisha feda, na ukumbi mzima unaanza kusikia kliki. Kama mikisa yenu haina AUX ya PRE, usiipitishe kliki hapo hata kidogo. Peleka jeki ya kushoto moja kwa moja kwenye ampu ndogo ya hedfoni iliyo karibu na drams.

Pia ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, uhakikishe sauti ya mono imezimwa. Ikiwashwa inachanganya kushoto na kulia hata kama waya ni mzuri. Na kama mtasikia kliki kwa mbali sana hata baada ya haya yote, ni waya wa bei rahisi unaovujisha. Punguzeni kliki ndani ya faili kwa desibeli 6, kisha ongeza sauti kwenye ampu yako ya hedfoni.

Swali: Bendi yetu ni ya dansi. Kiongozi hurefusha chemko, ile sehemu ya wimbo iliyochangamka kwa kucheza, kadiri watu wanavyocheza. Treki inaisha, sisi bado tunapiga. Tuirefushe hadi dakika ngapi? (Mpiga kinanda, Dar es Salaam)

Jibu: Msiirefushe. Itoeni kwenye chemko. Sehemu ile inaendeshwa na rapa, gitaa la solo na wachezaji, wote wakisikilizana, na mwendo wenyewe mara nyingi hupanda kidogo. Treki haimsikii rapa. Mkiifuata, mtamkatisha mtu aliyeshika ukumbi. Msipoifuata, tarumbeta za kwenye treki zitaingia mahali pasipo pake. Kwa maoni yetu chemko lililofungwa kwa treki linapoteza uhai wake, hata kama kila chombo kimelia mahali pake.

Treki ibaki kwenye beti na kiitikio, ambako urefu unajulikana. Kwenye kipimo cha mwisho kabla ya chemko, rekodini upande wa kliki sauti ya mtu akihesabu "chemko, mbili, tatu, nne", kisha faili iwe kimya. Kuanzia hapo drams zinaongoza peke yake.

Kama kuna mdundo ambao ni lazima uendelee, mfano wa shekere, tumieni programu inayozungusha vipande, kama Ableton Live, na kipande cha vipimo 4 au 8. Pangeni mabadiliko yasubiri mwanzo wa kipimo kinachofuata. Hapo mtu akikanyaga pedali mapema kidogo, kipande kipya bado kitaingia mahali pake. Pedali ikae kwako wewe wa kinanda, maana miguu ya mpiga drams ina kazi.

Swali: Kwaya yetu ina mapambio ya 6/8. Kliki inatuvuruga badala ya kutusaidia. (Mwalimu wa kwaya, Bukoba)

Jibu: Bila shaka programu imeachwa kwenye 4/4. Iweke 6/8, pigo kubwa liwe na mlio mzito na madogo mawili yanayofuata yawe hafifu. Angalia na namba ya mwendo: programu nyingi huhesabu robo noti, wakati nyinyi mnahisi robo yenye nukta. Mapigo makubwa 80 kwa dakika huandikwa 120 kwenye programu ya namna hiyo. Kwa nyimbo za taratibu sana, chini ya mapigo 70 hivi, ongezeni mlio wa nusu pigo. Nafasi tupu ikiwa ndefu, kila mtu huikadiria kivyake.

Swali: Umeme kwetu hukatika katikati ya shoo, na mara moja laptop iligoma. Tena masikio ya mpiga drams wetu yanalia usiku kucha baada ya kazi. Mnatushauri nini? (Kiongozi wa bendi, Mwanza)

Jibu: Tuanze na masikio, kwa kuwa hayo hayana spea. Kulia huko ni dalili kwamba yameumizwa. Kiwango kinachotumiwa sana ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda salama unapungua nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, na ukifika 100 ni dakika 15 tu. Mpiga drams hupandisha kliki kwa sababu drams zenyewe zinaifunika. Dawa ni hedfoni zinazofunika sikio lote, au za ndani ya sikio zenye vizibo vinavyokaza, ili kelele ya nje ipungue na kliki nayo ishuke. Mchagulieni mlio mfupi mkavu kama wa kijiti kwenye ubao, usiofanana na hai-hati.

Umeme ukikatika, spika hunyamaza lakini laptop yenye betri inaendelea. Jenereta ikiwaka, treki imeshakwenda mbele. Kwa hiyo kitufe cha kusimamisha kiwe mkononi mwa mpiga drams, na wote mkubaliane kwamba treki ikifa katikati ya wimbo haiwashwi tena hadi wimbo unaofuata. Fanyeni na mazoezi bila treki kabisa.

Kabla ya shoo zimeni intaneti, arifa, masasisho na usingizi wa laptop. Bafa, yaani akiba ya sauti ambayo laptop huiandaa kabla ya kuitoa, iwekeni 512 au 1024 ingawa sauti itachelewa kidogo; maadamu hakuna chombo kinachopita humo moja kwa moja, kuchelewa huko hakumdhuru mtu. Faili ziwe WAV, aina ya faili ya sauti isiyobanwa. Bluetooth msiiguse, maana kuchelewa kwake kunaweza kufika sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi. Simu ya akiba iwe na faili zile zile, imechomekwa tayari kwenye chaneli mbili zilizozimwa.

Mkisikia mvumo laptop ikiwa kwenye chaji, chomoeni chaja mwone kama unakoma. Ukikoma, tumieni DI, kisanduku cha kuunganishia chombo na mikisa, yenye swichi ya kukata muunganiko wa ardhi kwenye waya wa sauti. Msikate kamwe pini ya ardhi ya plagi ya umeme: hitilafu ikitokea, umeme utapita kwa mwimbaji aliyeshika maikrofoni.