Barua kwa mwanangu: Shomari huchagua

Mwanangu Zainabu,

Kurasa za katuni yako nimezisoma zote, na swali lako nimeliona: kipigo anachopiga Shomari kionyeshwe kwa kiasi gani ili msomaji aogope bila kulifunga kitabu? Nitafika huko. Kwanza nimseme huyo Shomari mwenyewe, maana ndiye anayenikera. Ukurasa wa 6 anamtukana bosi wake bandarini, wa 9 anagombana na konda, wa 14 anampiga mkewe, Rehema. Huyo ni mkorofi wa kila mtu, na wakorofi mtaani wanajulikana, hakuna anayeshangaa wakipiga. Mtesaji wa nyumbani huchagua. Kwa bosi ni mpole, anampelekea mama mkwe sukari, na siku akivunja vyombo vinavunjika vya mke, vyake vinabaki kabatini.

Unalikumbuka lile sanduku la bati la mjomba wako. Mle mlikuwa na Mad Love, katuni ya shujaa Batman ya Paul Dini na Bruce Timm, iliyotoka mwaka 1994. Harley Quinn, aliyewahi kuwa daktari wa magonjwa ya akili wa Joker, adui mkubwa wa Batman, anamnasa Batman na kumning'iniza kichwa chini juu ya tangi la samaki aina ya piranha. Joker aliwahi kuuacha mpango huo kwa sababu samaki wale hawatabasamu. Harley kalitatua tatizo: ukiwa kichwa chini, midomo yao iliyonuna inaonekana inacheka. Kazi safi kabisa. Joker anafika, anampiga, anamsukuma nje ya dirisha. Kosa lake ni kwamba mzaha umehitaji kuelezwa, na zaidi, mwanamke kakaribia kufanya alichoshindwa yeye. Tazama jinsi mwovu huyo alivyo na kanuni: Batman ni wake, sifa ni zake, na anayemsaidia vizuri kupita kiasi ataumia. Ukishaijua kanuni hiyo unaweza kutabiri kila ukurasa unaofuata, na bado unaogopa. Mwishoni Harley yumo kwenye bandeji, anaapa kwamba yamekwisha, halafu anaona ua na kikaratasi cha kumtakia nafuu. Uso unang'aa.

Mama yako mdogo alilisoma ua lile Tanga, kwenye msiba wa babu, watu wote wamelala mikekani. Akalitazama muda mrefu, akaniuliza, "Hawa wanaume wawili walioandika, nani kawaambia?" Kwake yeye halikuwa ua, zilikuwa doti za kanga, unajua mwenyewe, na kabati lilijaa. Mwezi uliofuata akarudi kwa bwana yule. Hadi leo nikiona kanga mpya iliyokunjwa kwenye karatasi ya dukani moyo unaniruka.

Kwa hiyo Shomari wako hana kanga. Anapiga, kisha kurasa tano zinapita kama vile hakuna kitu. Weka zawadi. Weka pia yale ya kabla: simu anayoikagua, hela ya sokoni anayoihesabu hadi chenji, dada mtu aliyeacha kuja. Ukiwa na kurasa 24, kipigo chenyewe kipe kisanduku kimoja cha picha, kurasa mbili za kabla yake na nne za baada.

Na kisanduku hicho kimoja ukichore kwa uangalifu. Mwaka 1981, katika katuni ya mashujaa Avengers, toleo la 213, shujaa mmojawapo, Hank Pym, alimpiga mkewe, Janet. Mwandishi, Jim Shooter, alieleza baadaye kwamba yeye aliandika mkono umponyoke kwa bahati mbaya katika kukata tamaa. Mchoraji, Bob Hall, akachora ngumi kamili. Tangu hapo Pym hajawahi kuachana na ngumi ile, kila mwandishi anayempokea anaikuta.

Sasa mwili. Umempaka Rehema wekundu shavuni. Kwa ngozi yake nyeusi wekundu hautaonekana hivyo. Chora uvimbe kwanza, kisha doa la zambarau iliyokolea linaloelekea hudhurungi, na lifuate tarehe za hadithi: huchukua kama wiki mbili kufifia, wewe umelifuta keshoye. Halafu kwa nini shavuni? Anayejua Ijumaa kuna wageni atapiga mgongo, mapaja, kichwani ndani ya nywele. Mikono ya Rehema iwe na alama upande wa nje, chini ya kiwiko, alipojikinga. Akikabwa shingo, mara nyingi hakuna alama kabisa: sauti inakwaruza, kumeza kunauma. Hilo lionyeshe kwenye kiputo cha maneno, herufi ndogo zilizokatika. Hospitali watamwuliza PF3, ile fomu ya polisi, naye atasema kaanguka bafuni, na Shomari awe amesimama hapo pembeni, kamshikia mkoba.

Hapo nabishana na nafsi yangu. Nikikwambia mpe Shomari upole na zawadi, wapo watakaompenda. Wangapi wamevaa kama Joker na Harley wakijiona wapenzi wa mfano, na ukurasa wa dirisha upo palepale! Labda ua lile lilichorwa zuri mno. Lakini Shomari asiyependeka ni uongo, maana asiyependeka harudiwi, na mama yako mdogo si mjinga, hajawahi kuwa mjinga. Basi mpende msomaji vya kutosha umdanganye kidogo, kama alivyodanganywa Rehema, halafu umwonyeshe bei. Sijui kama nimejijibu. Ninachokishikilia ni kwamba mtesaji huchagua, na hilo lisikutoke hata kisanduku kimoja. Usimpe utoto wa mateso ukurasa wa 20 ukadhani umeeleza. Ndugu zake wamekulia nyumba ileile, na wao hawapigi.

Kuhusu toleo la sita, pale Rehema anapofungasha: kuondoka ndio wakati wa hatari kuliko wote, kwa hiyo usiuchore kama mapumziko. Arudi, asirudi, Shomari afe au aishi, nina langu moyoni na limenikaa ulimini tangu jana. Silisemi. Kitabu ni chako. Ukishachora niletee, kabla ya kutia rangi.

Mama yako