Duke asiye na ngome

SWALI: Mhariri, nimesikia kwamba makazi ya Duke (cheo cha juu cha kurithi cha kikabaila) wa Atholl wa Uskoti yako Afrika Kusini, ilhali ngome ya ukoo wake ingalipo. Je, alinyang'anywa?

JIBU: Hakunyang'anywa. Duke wa 10, aliyefariki mwaka 1996 bila mke wala mtoto, alikuwa amekwisha kuikabidhi ngome ya Blair, iliyoko Perthshire, pamoja na sehemu kubwa ya ardhi yake, kwa wakfu wa hisani. Cheo, ambacho mtu hawezi kukiachia amtakaye kwa wosia, kilimwendea ndugu wa mbali aliyekuwa mpima ardhi Afrika Kusini. Mali ikabaki mikononi mwa wadhamini, ambao wajibu wao ni kuitunza kwa manufaa ya umma, si kuigawa kwa warithi. Kwa maoni yangu alifanya busara, kwa kuwa jengo ambalo mnara wake ulianzishwa mwaka 1269 hula fedha nyingi, na viingilio vya wageni, waliofunguliwa milango tangu 1936, huchangia gharama hizo. Duke wa sasa hakubaki mikono mitupu: Atholl Highlanders, kikosi cha binafsi cha askari kilichopewa bendera na Malkia Victoria mwaka 1845, kingali chake, naye husafiri kwenda Blair kukikagua.