Mfuko mmoja, au bakini Mwanza

Mleta mada, umeomba ushauri kwa kuwa makanisa yenu manne ya hapa Mwanza yanakwenda pamoja kuhubiri Kalangala, visiwa vya Ssese upande wa Uganda wa Ziwa Victoria. Nimesoma hadi pale ulipoandika "mratibu amesema kila kanisa lishike bajeti yake, ila huduma tutafanya pamoja", nikaweka kikombe cha chai chini. Usiende. Yaani nenda Kalangala, lakini si kwa mpango huo. Umeuliza chanjo, mavazi, lugha na namna ya kuhubiri kwa mkalimani, halafu hiyo ya bajeti ukaitupia mwishoni kwa mstari mmoja. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Hayo mengine utayakuta njiani.

Sisi tulitoka hapa Mwanza makanisa manne, kama nyinyi, tukaenda hukohuko visiwa vya Ssese. Wakati huo daraja la Kigongo–Busisi halijakamilika, tukasota foleni ya kivuko na spika zetu juu ya basi, tukaenda Bukoba, Mutukula mpakani, Masaka, hadi Bukakata kupanda feri ya Luku. Feri ile ni bure, na nadhani ndiyo kitu cha mwisho tulichotumia sawasawa sote.

Mwaloni tulikofikia, yaani kijiji cha wavuvi ufukweni, kanisa lilikuwa la mbao na bati, na mchungaji wake anavua dagaa usiku, Jumapili anahubiri. Kanisa moja kati yetu lilikuwa na hela, wakachukua vyumba gesti. Kanisa letu lilikuwa la kati: tuna jenereta, tuna mafuta, na hela iliyobaki iko kwenye mkanda kiunoni kwangu, maana mimi ndiye niliyekuwa mshika fedha wetu. Makanisa mawili yaliyobaki yalikuja na unga na imani. Hao walilala kwenye mikeka kanisani, wakila posho, yaani ugali wa kule, na maharage aliyopika mama mchungaji kwa kuni zake mwenyewe.

Mama yule akauliza kwa upole, kupitia mkalimani: hawa wengine mbona hawaji kula, wamefunga? Hakuna aliyejibu. Ni kweli walikuwa wamefunga, ila walichofunga ni mlango wa gesti, na ndani kuna sato wa kukaanga.

Mwalo hauna siri. Ukinunua soda mbili upande huu, upande ule wameshajua uliinywa na nani. Jioni tunapanda jukwaani tumeshikana mikono, tunaimba umoja, wavuvi wanatazamana na kucheka chinichini. Zamu yangu ilipofika nikahubiri mikate mitano na samaki wawili, mkanda wa hela unanikwaruza kiuno. Watu walisema nilihubiri kwa uchungu. Ulikuwa ni mkanda.

Halafu kijana wa kinanda, wa lile kanisa dogo kuliko yote, akashikwa na homa. Asubuhi tulisema ni uchovu wa safari. Usiku ulipoingia alikuwa anazungumza na watu ambao hawapo. Kituo cha afya chenye vipimo na dripu kilikuwa mbali, ni kwa maji, na ilitakiwa boti yenye injini usiku uleule. Mwenye boti akataja hela ya petroli na kusema haondoki bila hiyo. Kanisa la kijana halikuwa na kitu. Wale wa gesti wakasema hela yao imeshapangiwa kazi yote. Macho yakaja kwangu. Nikatamka maneno ambayo mpaka leo mke wangu akitaka kunimaliza kwenye ugomvi anayarudia: "Hizi ni za mafuta ya jenereta, ngoja kwanza niwapigie wazee Mwanza."

Mtandao haukuwepo. Basi nikapanda kilima kuutafuta. Hebu iweke picha hiyo kichwani: mtu mzima anapanda kilima gizani, hela ya kumwokoa mgonjwa imemzunguka kiuno, anakwenda kuomba ruhusa ya kuitoa.

Niliporudi kijana alishaondoka. Mchungaji mwenyeji alikwenda kugonga kwa mwenye boti mwingine, Mwislamu ambaye mkutano wetu hakuwahi kuukanyaga hata kwa kupita, akamweleza, jamaa akawasha injini kwa mkopo. Katekista wa Kikatoliki wa mwalo ule akapanda naye ili kumshikilia mgonjwa asitumbukie majini. Hao ndio tuliokuwa tumevuka mpaka kwenda kuwafundisha umoja. Yule mchungaji alikopa petroli bila kujua atailipa na nini. Mimi hela ninayo, nikaogopa kikao cha wazee.

Kijana alipona. Ilikuwa malaria kali. Siku hizi anapiga kinanda kwenye maharusi huko Ilemela na tukikutana ananiamkia kwa heshima zote, na bora angenitukana tu. Ila kesho yake ndipo tulipovunjika, na mbele ya wenyeji: watu wenye mvi tunabishana nani alipe boti, mkalimani kanyamaza kwa aibu, wakati kila mtu pale anaelewa bila kutafsiriwa. Mkutano ukafungwa kabla ya siku zake. Kutoka Masaka tulipanda mabasi tofauti, na Mutukula tukasimama foleni moja ya uhamiaji bila kusalimiana. Deni la boti, sehemu kubwa mchungaji wa watu alishalilipa kwa dagaa wake kabla hatujatuma hata senti. Na ule ushirika wa wachungaji wetu hapa mjini, uliokuwa ukikutana kila mwezi kwa zamu za makanisa, ukafa hivihivi. Hakuna aliyeutangazia msiba.

Sasa nije kwa mratibu. Wako simjui, nazungumzia wetu, ingawa maneno yao ni yaleyale. Siku ya kutuaga alituhubiria mashahidi wa Uganda, wale waliouawa kwa imani yao: Namugongo, 3 Juni 1886, Wakatoliki na Waanglikana ndani ya moto mmoja. Tulilia. Aliposhuka tu madhabahuni akatugawia karatasi, kila kanisa lijaze bajeti yake na lijibebe lenyewe, "ili tusikwazane". Tusikwazane! Mtu anakuhubiria moto mmoja halafu anakunyima sufuria moja. Na yeye hakusafiri, alibaki Mwanza "kuratibu". Simu niliyopanda nayo kilimani, namba ya kwanza niliyopiga ni yake. Imezimwa. Alipoambiwa yaliyotokea akasema tulikosa maombi ya kutosha. Nimesamehe, lakini nikimwona mbele yangu mtaani Makoroboi huwa nahama upande wa barabara, nisije nikahitaji kusamehe upya.

Na asingejitetea kwamba hajui, maana historia iko hapo Bukumbi, Misungwi, pua na mdomo na mjini. Wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza na Mapadre Weupe, Wakatoliki kutoka Ufaransa, walikuwa wanakorofishana Buganda tangu 1879, tena mbele ya mfalme, Kabaka Mutesa mwenyewe. Mwaka 1888 wakafukuzwa wote, wakaondoka ndani ya mashua moja. Kiboko akaitoboa. Wakaitengeneza, wakavuka ziwa wakiwa pamoja hadi Bukumbi, na mapadre wakawakaribisha Waanglikana nyumbani kwao. Habari nzuri ya kuhubiri, na huwa inaishia hapo. Lakini Januari 1892 waumini wa pande hizohizo, Wakatoliki wakiitwa Wafaransa na Waanglikana wakiitwa Waingereza, walipigana kwa bunduki pale Mengo, makao ya Kabaka. Vyeo na ardhi vilikuwa na sehemu kubwa katika ugomvi ule kuliko somo lolote la ubatizo. Kwa hiyo mtu akiniambia safari ya pamoja italeta umoja yenyewe, namuuliza mashua ile ilileta nini.

Mfuko mmoja, basi. Hela za makanisa yote zikusanywe hapahapa Mwanza na ziandikwe kwenye kaunta buku moja. Mkifika Mutukula mzibadilishe kuwa za Uganda kwa mkupuo mmoja, kila kanisa likiwa na mtu wa kushuhudia. Aliyetoa milioni na aliyetoa elfu ishirini wakishaweka, habari ya "hela yetu" imekwisha. Mshika fedha atoke kwenye kanisa lililotoa kidogo kuliko yote. Hapa huwa napingwa sana, wenye hela wanasema hawamjui huyo mtu. Basi wamjue. Kanisa kubwa likishika mfuko, wadogo wanageuka kuomba hela ya sabuni kama watoto wa bweni, na hutawasikia tena wakitoa wazo lolote. Fungu la dharura litengwe mwanzo kabisa, kabla ya jenereta na kabla ya fulana zenye maandishi, litoshe kukodi boti usiku, na mshika fedha alitoe bila kumpigia simu mtu yeyote. Kila jioni matumizi yasomwe kwa sauti, mchungaji mwenyeji akiwepo. Na mle chungu kimoja, kile cha mwenyeji. Mwenye vidonda vya tumbo apikiwe chake waziwazi, watu wajue ni kwa nini.

Mchangiaji aliyenitangulia amekujibu kwamba umoja ni wa rohoni na hela ni mambo ya mwilini. Mkuu, fungua Wakorintho wa Kwanza 11. Paulo anawakemea watu walioketi kwenye Meza ya Bwana, na kosa lao ni kwamba wengine wanatangulia kula wakashiba na wengine wanabaki na njaa. Ni sahani zilizowagawa.

Haya, chanjo. Homa ya manjano, uchanje angalau siku 10 kabla ya kuvuka, cheti kile hakiishi muda. Usioge ufukweni, kichocho kipo kule kama kilivyo huku kwetu. Tarehe zenu zipangwe wakati wa mbalamwezi. Usiku usio na mwezi wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao, mtahubiria watoto na mbwa. Lugha ni Kiganda, na baadhi ya wazee wa kule Kiswahili kinawakumbusha wanajeshi wa enzi za Amin, kwa hiyo msianze kwa kuamrisha "simama, kaa, inua mikono".

Kabla hujalipa nauli nijibu moja tu: mpaka leo hii, hela za makanisa yale mengine ziko kwa nani?