Viti 40, Ctrl+Z, na Mteja Niliyempoteza

Juzi msomaji mmoja aliniandikia kuhusu Blender, programu ya kuchonga maumbo ya 3D kwenye kompyuta: “Kaka, nimerudufu nguzo moja mara 10 ndani ya Blender. Nikirekebisha moja, zote zinabadilika. Kompyuta yangu imepatwa na nini?” Nilicheka peke yangu, kisha kicheko kikakauka. Laiti ningejiuliza swali hilo kabla ya viti 40, yule mteja nisingempoteza.

Kazi yenyewe ilikuwa ukumbi wa mikutano. Nilichonga kiti kimoja kwa siku mbili, na nakiri nilijivunia, hasa ile mikono yake iliyopinda. Kisha nikakirudufu kwa Alt+D hadi vikafika 40. Faili lilibaki jepesi, nami nikajiona fundi. Mteja akaomba viti vya mstari wa mbele viondolewe mikono. Nikatenga kiti kimoja peke yake kwenye skrini, nikakata mikono, nikaendelea na taa, kuta na rangi. Kila baada ya dakika chache nilikuwa nahifadhi, mtu wa bidii mimi.

Nilipofungua mandhari yote, hakikuonekana kiti hata kimoja chenye mikono.

Nikakimbilia Ctrl+Z, vitufe vya kutendua. Nikabonyeza, nikabonyeza, taa zikatoweka, rangi zikafutika, mikono haikurudi. Blender isipobadilishwa hukumbuka hatua 32 tu, na hata kuchagua kitu huhesabiwa kuwa hatua. Basi nikasema angalau nirudishe taa zangu kwa Ctrl+Shift+Z. Lakini kwa kihoro nilikuwa nimeshabofya kiti kimoja kukikagua, na ukifanya jambo jipya baada ya kutendua, njia ya kwenda mbele hufungwa. Ile nakala ya akiba yenye kiambishi blend1? Hiyo hushika toleo lililohifadhiwa kabla ya lile la mwisho. Kwa bidii yangu ileile, nayo ilikuwa na viti visivyo na mikono.

Nilichonga upya usiku kucha. Nikachelewa siku moja. Mteja aliniuliza kama kweli hii ndiyo kazi yangu, na hajanitafuta tena. Bado inauma, sitadanganya.

Sasa sikilizeni, ninyi mnaotaka kulipwa kwa kazi hii. Alt+D haitengenezi umbo jipya. Inaweka kitu kingine kinachotumia umbo lilelile, ndiyo maana faili halinenepi. Shift+D hukupa nakala yenye umbo lake. Ukijua kitu kitakuja kubadilishwa, tumia Shift+D. Kama umeshachelewa, nenda kwenye kichupo cha data uangalie nambari iliyo kando ya jina la umbo: ndiyo idadi ya vitu vinavyolitumia. Ibofye, na kitu ulichochagua kitajitenga na wenzake. Mbofyo mmoja! Mimi nililipa usiku mzima na mteja juu.

Na msibonyeze Shift+D halafu mkaghairi kwa kitufe cha kulia cha kipanya mkidhani nakala imefutika. Kilichoghairiwa ni kusogeza tu. Nakala imekaa juu ya mwenzake, na baadaye mtashangaa kwa nini uso unametameta. Tendueni kwa Ctrl+Z papo hapo.

Hatua za kutendua zinaweza kupandishwa hadi 256 kwenye mipangilio ya Blender, sehemu ya mfumo, ila zinakula kumbukumbu ya kompyuta, na ukifunga programu zote zinapotea. Kwa hiyo hifadhini faili kwa jina jipya kabla ya kukata chochote. Nasema tena: kabla ya kukata, jina jipya. Wengi mtasoma hapa, mtaitikia kwa kichwa, na kesho mtahifadhi juu ya faili lilelile. Nawajua, maana nilikuwa hivyo.

Yule msomaji nilimwambia aangalie nambari. Alinijibu baada ya dakika chache: ilikuwa 11.