Mafuta ya mimea na pumu ya mtoto: je, hii ni Tiba ya Mtume?

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Kisauni. Mwanangu wa mwisho ana miaka 4 na ana pumu tangu mdogo. Mwezi uliopita, kwenye maulidi nyumbani kwa jirani, nilikutana na dada mmoja anayeuza mafuta ya mimea ya vichupa vidogo: mkaratusi, nanaa, karafuu, ubani, lavenda. Alituambia hii ni Tiba ya Mtume, akanipa karatasi yenye magonjwa zaidi ya arubaini ambayo mafuta haya huyaponya. Akasema nimpe mtoto matone mawili ya mkaratusi kwenye asali asubuhi na jioni, na nimwachishe pampu ya hospitali, kwa kuwa ile ni kemikali na kuitegemea ni upungufu wa imani. Mume wangu hataki kusikia. Mama mkwe naye asema mafuta na ubani ukichoma usiku unaita majini. Na je, mtu akinusa mafuta haya au akijifukiza hali amefunga, saumu yake iko? Nimekutumia picha ya kichupa. Allah akulipe kheri.

JAWABU

Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Alhamdulillah, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na sahaba zake.

Mwanangu, kabla sijataja aya wala hadithi: ikiwa umeshamwachisha mtoto pampu, mrudishie sasa hivi, kisha uje uendelee kusoma. Na hayo mafuta usimtie mdomoni hata tone moja. Kwa hili mume wako yuko kwenye haki.

Tuje kwenye asili ya jambo. Harufu nzuri katika dini yetu ina daraja kubwa, na sisi watu wa Mombasa hatuhitaji kufundishwa hilo. Mimi nimelelewa na bibi yangu Mji wa Kale, na kazi yangu kila jioni ilikuwa kumchumia asumini kabla hazijafunguka, nizitie kwenye sahani yenye maji kidogo. Akisha akisuka vikuba, vile vishada vya maua, kwa mrehani na asumini, akivinyunyizia marashi ya mawaridi kwenye mrashi. Usiku wa Ijumaa chetezo, chombo cha kufukizia, kilipita chumba kwa chumba. Alikuwa akisema nyumba yenye harufu nzuri malaika huipenda. Mtume (s.a.w.) amesema kuwa katika dunia yetu amependezeshewa wanawake na manukato, na kitulizo cha jicho lake kimewekwa katika sala. Anas (r.a.) amepokea kwamba Mtume hakuwa akirudisha manukato anapopewa. Na katika kitabu cha hadithi cha Muslim, Ibn Umar alikuwa akijifukiza kwa udi mtupu, na mara nyingine akiutia kafuri, akisema hivi ndivyo alivyokuwa akijifukiza Mtume wa Allah. Kafuri hiyo ndiyo karafuu maiti yetu. Qurani nayo imeitaja katika Suratul Insan, kuwa ni mchanganyiko wa kinywaji cha watu wema Peponi.

Kwa hiyo kunusa, kujipaka, kufukiza nyumba na kuburudisha roho kwa mimea ni halali, na mwenye kunuia kufuata sunna hupata thawabu. Hapo hapana mzozo.

Mzozo unaanza pale kichupa kinapobandikwa jina la Mtume. Wauzaji wengi hushika hadithi moja, nayo ni sahihi kabisa, iko katika Bukhari. Ummu Qays bint Mihswan alimleta mtoto wake aliyekuwa na uvimbe wa koo, na mtoto huyo alikuwa amekandamizwa koo kwa kidole kama walivyozoea kina mama wa wakati ule. Mtume akalikataza hilo, akasema: shikamaneni na huu udi wa Kihindi, kwani ndani yake mna ponyo saba. Akataja kuwa huvutwa puani kwa uvimbe wa koo, na hunyweshwa upande wa mdomo kwa maradhi ya ubavu.

Sasa angalia mambo mawili, na naomba uyaangalie kwa utulivu.

La kwanza, udi huu wa Kihindi wanavyuoni wameueleza kuwa ni qusti, mzizi wa mmea unaoota milima ya Himalaya. Si ule udi tunaouchoma kwenye chetezo, ambao ni mti mwingine kabisa, na hauhusiani hata kidogo na mkaratusi. Mkaratusi asili yake ni Australia, ukasambazwa huku kwetu zama za karibuni. Waarabu wa Hijazi hawakuujua. Lavenda hakuna hadithi sahihi inayoitaja. Hata hili jina la aromatherapi lilienezwa na mkemia Mfaransa, René-Maurice Gattefossé, aliyelifanya kuwa jina la kitabu chake mwaka 1937. Kuwa kwake jambo la juzi si dhambi. Na Waislamu walitangulia katika ufundi wenyewe wa kukamua harufu kwa mvuke, maana al-Kindi aliandika kitabu kizima kuhusu manukato na ukenekaji, yaani ukamuaji huo wa mvuke, katika karne ya 9. Lakini al-Kindi hakusema kuwa kazi ya mikono yake ni maneno ya Mtume.

La pili ndilo linalonigusa moyo kila nikiisoma hadithi hii. Mtume alisema saba. Zuhri, imamu mkubwa wa hadithi aliyeipokea, akasema: ametubainishia mawili, na matano hakutubainishia. Akanyamaza hapo. Imamu mwenye elimu kama bahari hakuthubutu kujaza hayo matano kwa fikra zake, ilhali ahadi ya ponyo iko wazi mbele yake. Kisha mtu wa leo anachapisha karatasi yenye magonjwa arubaini na zaidi, anaandika juu yake Tiba ya Mtume, anaigawa kwenye maulidi! Mtume amesema: mwenye kunisingizia uongo kwa makusudi, basi ajiandalie makao yake Motoni. Simhukumu dada huyo kuwa amekusudia. Huenda naye alipewa karatasi hiyo na mwenzake akaiamini. Ila ukimwona, mfikishie hadithi hii kwa upole, kwa sababu jambo analolibeba ni zito kuliko anavyodhani.

Tuje kwenye kichupa chenyewe. Nimeikuza picha uliyonitumia. Pembeni, kwa herufi ndogo za Kizungu, pameandikwa: kwa matumizi ya nje tu, weka mbali na watoto. Aliyeyatengeneza amekataza yasinywewe, na aliyekuuzia amekwambia umnyweshe mtoto wa miaka 4. Je, kuna haja ya fatwa hapo?

Kina mama wengi hudhani mafuta haya ni sawa na majani yake. Si sawa. Ukitia karafuu tano au sita kwenye pilau la sufuria nzima, hiyo ni viungo. Mafuta ya karafuu ni mzigo wa karafuu uliokamuliwa ukabaki nguvu yake tu, ndiyo sababu madaktari wa meno huyatumia kutuliza jino, na ndiyo sababu mtoto akiyanywa ini lake huweza kudhurika. Mkaratusi nao, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, kimewahi kuwatia watoto degedege na kuwapotezea fahamu. Hicho kichupa chako kina mililita 10. Utaniambia umeambiwa matone mawili, si kijiko. Ni kweli. Lakini mtoto akipaliwa, mafuta huingia mapafuni, na mtoto mwenyewe akishazoea kuwa ile ni dawa tamu ya asali, siku moja atakipanda kiti akitafute kichupa kabatini. Zaidi ya hayo, huyu ana pumu. Harufu kali, hata ikiwa nzuri kwako, huweza kukibana kifua chake. Na mafuta ya nanaa au dawa za kupaka zenye mentholi usizisogeze puani mwa mtoto mchanga wa chini ya miaka 2, maana huweza kumziba pumzi.

Pampu nazo nilimuuliza daktari mmoja tunayesali naye. Akanieleza kwamba ile ya buluu hufungua njia za hewa wakati mtoto amebanwa, na ile ya kahawia, ambayo wazazi huiacha haraka kwa sababu hawaoni ikifanya kazi, hupunguza uvimbe wa ndani polepole ili asibanwe. Akaniambia hiyo ya pili haiachwi kwa kuwa mtoto anaonekana mzima. Anaonekana mzima kwa sababu anaitumia.

Ama hilo la upungufu wa imani, limenisikitisha kuliko yote. Mabedui walimuuliza Mtume kama wajitibu, akawajibu: enyi waja wa Allah, jitibuni, kwani Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa mmoja, uzee. Hakusema dawa ya majani peke yake. Kama kushika pampu ni kukosa tawakul, yaani kumtegemea Allah, basi na kushika kichupa cha mkaratusi ni kukosa tawakul, maana vyote viwili ni sababu, na mponyaji ni Mmoja. Na mkaratusi wenyewe ni kemikali, kama alivyo kila mmea. Wala usidhani nadharau mimea. Mafuta ya nanaa yaliyotiwa kwenye vidonge maalumu huwasaidia watu wazima wenye msokoto wa tumbo wa mara kwa mara, na hilo limepimwa na madaktari. Habasoda ina hadithi yake sahihi. Lakini Mtume ameweka kanuni kwa kila anayegawa dawa: mwenye kujifanya tabibu na hali hajulikani kuwa na elimu ya utabibu, basi yeye ni mdhamini. Yaani akimdhuru mtu, analipa, na nia njema haimwondolei dhamana.

Mama mkwe wako usimvunjie heshima kwa hili la majini. Sijui aya wala hadithi sahihi isemayo kuwa harufu nzuri usiku inawaita. Anachokijua yeye ni vile waganga wa kupunga pepo wanavyotumia ubani na udi katika mambo yao, na hofu yake imetoka hapo. Mwenye kufukiza ili nyumba inukie hana lawama. Mwenye kufukiza ili kumridhisha rohani au kumwita pepo ameingia kwenye shirki, hata kama moshi ni ule ule.

Ila kuna hatari ya chetezo ambayo haizungumzwi sana, nami nimeiona kwa macho yangu. Niliwahi kupigiwa simu usiku niende nyumba moja Bondeni nikamsomee msichana aliyepagawa. Nilipoingia, chumba kilikuwa kimefungwa, dirisha limezibwa kwa kanga, na chini ya kitanda pana jiko la makaa lenye ubani, kwa kuwa walikuwa wakimfukiza tangu magharibi. Msichana analegea, hajibu vizuri. Shangazi yake kichwa kinamuuma, mdogo wake anatapika. Wote watatu! Nikawaambia kabla ya Ayatul Kursiy, fungueni dirisha na mlitoe jiko nje. Tukawatoa barazani, kisha wakapelekwa hospitali, na wote wakapona kwa fadhila za Allah. Ule ulikuwa moshi wa makaa. Ile hewa yake mbaya haina rangi wala harufu, na huua watu usingizini. Basi ukifukiza, fungua dirisha, na makaa yasilale chumbani. Allah amesema msijitie kwa mikono yenu katika maangamizi.

Kuhusu saumu, kunusa harufu hakufunguzi. Moshi wa udi, wanavyuoni wetu wa Kishafii wameona haufunguzi, na Wamaliki wameona unafunguza ukivutwa kwa makusudi, kwa hiyo usiukaribie pua mchana wa Ramadhani. Kujifukiza chini ya shuka kwa maji yanayochemka ni jambo jingine, kwani mvuke ni maji na hufika kooni. Ungoje mpaka usiku, na mgonjwa ana ruhusa yake. Matone ya puani pia yaepuke, kwani Mtume alimwambia Laqit bin Sabira apandishe maji puani vizuri wakati wa udhu isipokuwa akiwa amefunga.

Hukuniuliza, lakini nimeona kwenye karatasi yako mafuta ya waridi safi kwa bei ya chini kabisa. Kilo moja ya mafuta ya waridi huhitaji tani kadhaa za maua. Bei hiyo haiwezi kuwa waridi. Mwenye kughushi si katika sisi, ndivyo alivyosema Mtume alipotia mkono wake kwenye rundo la nafaka sokoni akakuta chini pamelowa.

Vichupa ulivyonunua usivitupe. Vifungie kabati ya juu yenye ufunguo. Lavenda unaweza kuitia tone kwenye kitambaa chako wewe ukitaka kutulia usiku, mbali na chumba cha mtoto. Udi na ubani uchome siku mtoto yuko kwa bibi yake, na ukimwona anakohoa baada ya kufukiza, basi kwa ajili yake achana na chetezo, mtosheke na asumini sahanini, na hata hiyo umwangalie kwanza. Umpeleke kliniki wiki hii hata kama hakubanwa, uwaeleze wazi kuwa ulimpa mkaratusi kama ulimpa, na ni siku ngapi. Usione haya. Nami hukaa msikitini baada ya Alasiri. Njoo wewe na mume wako, na karatasi ile mje nayo, niisome mstari kwa mstari.

Wallahu aalam.